Mstari wa Kumi na Saba

Kozi ilikuwa ya siku tatu, Maskati, ukumbi wa hoteli baridi kama friji.
Mwalimu alichora pembetatu: muda, fedha, ubora.
Vuta pembe moja, alisema, nyingine zitalia.
Tukacheka, tukala keki,
tukapewa vyeti vyenye muhuri wa dhahabu.

Kisha nikatumwa Duqm.

Duqm ni upepo, lami mpya, kreni zinazoinamia bandari.
Mradi wangu: pampu nne za maji
na ratiba ndefu kama jora la kanga,
mistari mia na arobaini, kijani, kijani, kijani.
Ukutani, mti wa vyeo, Mkurugenzi kileleni,
mimi kijiti cha chini kabisa.
Nikaukariri kama nilivyokariri Juzuu Amma.

Pampu ya tatu ilikuwa Sohar, bado ndani ya sanduku lake,
ikingoja sahihi ya idara
iliyounganishwa na idara nyingine mwezi Machi
bila mtu kuiambia fomu.
Nikaandika barua pepe.
Nikaandika nyingine, nakala kwa wakubwa saba.
Wote saba wakanyamaza kwa adabu.

Ndipo nikampigia Bi Zamzam wa manunuzi,
mzaliwa wa Bujumbura, Kiswahili chake kina kokoto za huko.
Aliuliza kwanza mama hajambo, na goti lake je,
halafu akasema:
“Mwanangu, usiulize nani mkubwa.
Uliza nani akiumwa kazi inalala.”

Nikageuza daftari.
Nyuma, kwa penseli, nikaanza mti mwingine:
Devassy wa stoo, ajuaye kila boliti iliko, likizo yake Kerala ni Agosti.
Ghaliya wa sheria, mimba ya miezi minane.
Nasib wa getini; asipokutambua, lori linakesha barabarani.
Na Yaqdhan wa muhuri, ghorofa ya pili,
afikaye saa nne, aondokaye na ufunguo wa droo.
Mti huu haukuwa na kilele. Ulitambaa kama mtikiti.

Nikadhani nimehitimu.

Juni ikaingia.
Ratiba ilipikwa ng’ambo, saa nane za kazi kila siku,
na waliopika hawakujua kwamba hapa, kiangazi,
sheria huwatoa watu juani
toka saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu.
Mimi nilijua. Niliwaona wamelala ubavuni mwa bomba
kwenye kivuli chembamba kama utepe,
viatu vimebaki juani.
Saa tatu, kila siku. Nilizihesabu, nikazificha.
Mstari wa kumi na saba, kulaza bomba:
Juni nikaupaka kijani. Julai kijani.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni;
yangu niliifunga mwenyewe.

Kikaoni, Arumugam, msimamizi wa bomba, aliutazama ule ukijani
kama mtu aliyeazimwa viatu vidogo.
“Rangi yako hii, dada, nani atailipa?
Watu wangu, usiku?”

Ile pembetatu ya Maskati,
niliitafutia pembe yao. Haikuwapo.

Jioni nikafungua ratiba.
Nikamuwaza Mkurugenzi, nikawaza tathmini ya mwaka,
nikafunga. Nikafungua tena.
Nikaupaka nyekundu.
Kando nikaandika: Tumechelewa siku kumi na tisa. Nilijua tangu Juni.
Nikatuma kwa wote, wa mti wa ukutani na wa mti wa penseli,
nikaenda kubandika maziwa ya chai,
moyoni nikikunja nguo, nafunga sanduku.

Simu ikalia kabla maziwa hayajachemka.
Si Mkurugenzi. Yaqdhan wa muhuri, sauti ya chini:
“Kumbe na nyinyi?
Huku kwetu ni mstari wa ishirini na mbili,
tumeupaka kijani tangu Ramadhani.
Njoo kesho mapema. Ufunguo nitauacha kwa Nasib.”

Maziwa yakafurika.
Nikayaacha yafurike,
nilikuwa natafuta penseli.